Mume kasema nichague, paka au mtoto, na hata ugonjwa wenyewe hatuujui

Shikamoo mamdogo. Samahani barua itakuwa ndefu kidogo, hili jambo limenikaa moyoni na hapa nyumbani sina wa kumwambia maana nikifungua mdomo tu maneno yanafika ukumbini.

Mi ni mama wa miaka 29 nipo Tanga, naishi na mume wangu, mtoto wetu wa kiume wa miaka 7, na mama mkwe ambae alikuja mwaka jana kutibiwa macho akabaki, sina neno nae ni mzee wangu. Sa hivi nina mimba ya miezi minne. Halafu kuna Kashata. Kashata ni paka jike alikuwa wa baba yangu, baba alipofariki nikatoka nae kwetu Pangani nikamleta huku, kwahiyo kwangu mimi sio paka tu, sijui kama naeleweka.

Sasa kipindi cha mvua mtoto akitoka chuoni akaokota kitoto cha paka njiani, kimelowa kinatetemeka, tukakaa nacho siku chache kikawa kinalala boksi moja na Kashata, alafu kikapotea nadhani kuna mtu alikichukua. Wiki mbili tatu baadae nikaanza kuona Kashata kanyonyoka manyoya juu ya sikio, duara kabisa, ngozi ya hapo ina magamba ya kijivu, kikatokea kingine mguuni na kingine karibu na mkia. Hajikuni sana, anakula vizuri, anadeka kama kawaida. Nikamwita bwana mifugo, akaja na pikipiki yake akamwangalia kwa mbali akasema huo upele, akamdunga sindano ya aivamektini akaondoka, hela nikalipa. Mpaka leo hakuna kilichobadilika.

Baada ya hapo ndo mtoto akatoka mapunye kichwani, mawili, nywele zimekatika. Mama mkwe akaanza kumpaka Whitfield, mimi nikampeleka zahanati wakampa vidonge vya griseofulvin, basi asubuhi nampa kidonge usiku bibi anampaka mafuta. Na mimi mwenyewe nimetoka duara mkononi, hapa ndani ya kiwiko napombebea Kashata, linawasha hatari. Mama mkwe alipoliona ndo ikawa vita kamili. Anasema paka wana wadudu wanaoharibu mtoto tumboni, mimba itatoka, na kwamba mimi nathamini mnyama kuliko damu ya mwanae.

Mume wangu ana kibanda cha wakala wa pesa na ana ile tochi ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti. Juzi usiku akazima taa akammulika Kashata, akawaka madoa madoa mwili mzima, meupe meupe na ya bluu, akaniita eti njoo ujionee mwenyewe. Akammulika na mtoto kichwani, hapakuwaka kitu, ila hilo akalipita kimyakimya. Ndo akasema mwisho wa mwezi huyu paka asimkute hapa, nichague paka au mtoto. Nadhani kashapanga kumwacha soko la samaki.

Jirani anasema nimpake Kashata oili chafu iliyochanganywa na kibiriti upele, yaani salfa, ngozi itakauka wiki moja. Na mi nimewaza nimmegee robo ya kidonge cha mtoto kwani si fangasi ni fangasi? Sijafanya bado, nakusubiri wewe. Kwakweli mamdogo nikimtoa huyu paka nahisi nitakuwa nimemzika baba mara ya pili, na nikimbakiza mimba ikipata shida yoyote, hata isiyohusiana, nitasemwa maisha yangu yote. Nifanyeje?

Mimi, Mwana wa Pangani

MAMDOGO ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole, na pongezi ya mimba maana naona hapo nyumbani hakuna alietulia hata akakupongeza.

Barua yako nimeirudia, na nikampa pia daktari wa mifugo ninaemwamini aisome, kwahiyo yale ya kitaalamu utakayoyaona hapa chini ni yake, mimi nimeyatia lugha yangu tu. Tulichokiona wote wawili ni kwamba kuna mambo matatu yamefungwa kwenye kanga moja: ngozi ya Kashata ambayo mpaka leo hakuna alieipima, kichwa cha mtoto, na mimba yako. Kila mtu hapo kashika pindo lake anavuta. Mumeo anavuta la mtoto, mama mkweo la mimba, wewe unavuta la baba yako. Ukiyafungua moja moja naona yanapungua ukali.

Tuanze na Kashata. Kuna sentensi umeiandika ukaipita haraka, ya kile kitoto cha paka cha mvuani. Daktari wangu aliiwekea mstari. Fangasi wa ngozi wa paka kwa sehemu kubwa ni wa aina moja, anaitwa Microsporum canis (msishangae jina lina mbwa ndani, paka ndio makao yake), anapenda sana paka wadogo, na kutoka siku ya kuambukizwa mpaka duara kuonekana ni kama wiki moja mpaka tatu. Hesabu zako zinaingia humo humo. Tena ugonjwa huu mara nyingi hauwashi paka sana, wakati upele wa wadudu unamfanya ajikune mpaka damu, na wewe umesema hajikuni. Sasa sisemi bwana mifugo alikosea, upele upo, mzio wa viroboto upo, vidonda vya kung'atwa vikaoza vipo, na vyote vinaweza kunyonyoa manyoya. Ila aivamektini inaua wadudu, fangasi haiigusi, na kuangalia kwa mbali sio kupima.

Kupima kwenyewe kukoje? Kuna hatua tatu na hakuna inayojitosheleza peke yake. Ya kwanza ni taa, ndio ile ile anayodhani mumeo kaitumia. Kwa hili kwakweli nimempenda mumeo, mtu anaeazima tochi ya noti akammulika paka ni mtu anaetaka kujua. Tatizo ni kwamba taa ya daktari ni ya mawimbi ya nanomita 365, na tochi nyingi za noti ni kama 395 zenye zambarau nyingi ya kupoteza macho. Halafu chini ya mwanga huo kila kitu kinawaka: vumbi, nyuzi za nguo, magamba ya ngozi, mate ya paka aliejilamba, mafuta ya kupaka, na vyote hivyo vinawaka vyeupe au bluu, kama alivyoviona. Fangasi huyu anawaka kijani, kijani cha kung'aa kama tufaha bichi, na anawaka kwenye unyoya wenyewe, shina lake kuanzia chini, sio doa juu ya ngozi. Ukiona hivyo basi unang'oa unyoya ule ule uliowaka unaupeleka. Usipouona pia haina maana hana.

Hatua ya pili, unyoya unawekwa chini ya hadubini na mtaalamu anatafuta mbegu za fangasi zilizouzunguka, jibu linaweza kupatikana siku hiyo hiyo. Ya tatu ni kuotesha. Wanachukua mswaki mpya kabisa, wa dukani huu huu, wanampiga nao paka mwili mzima dakika mbili tatu, kisha wanaubonyeza kwenye chakula cha kuoteshea vimelea maabara. Jibu huanza kuonekana kama baada ya wiki moja mpaka mbili, na wakitaka kusema hana wanasubiri mpaka siku 21. Mswaki unaweza kusafiri ukiwa kwenye bahasha ya karatasi, kwahiyo hata kama hapo Tanga hupati wa kuotesha, muulize daktari wa mifugo kama anaweza kuutuma SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine kule Morogoro, kwenye hospitali yao ya wanyama. Lakini mtafute daktari wa mifugo hasa, mwenye kumshika paka mkononi.

Unaona sasa ile siku ya mwisho wa mwezi? Kuotesha peke yake kunaweza kula wiki tatu. Hilo ni la kumweleza mumeo kwa utulivu, bila kumwomba abadili msimamo, unamwomba muda wa kujua tu.

Njoo kwa mtoto. Hapa nataka nikuulize kitu, na mumeo nae ningependa akisikie. Nani kasema mapunye ya mtoto yametoka kwa Kashata? Inawezekana kabisa, watoto wanapata sana kwa paka. Lakini mtoto wa miaka 7 anaenda shule, anaenda chuoni, anagongana vichwa na wenzie, ananyolewa kwa mashine iliyopita vichwa vya watu kumi kabla yake, na mapunye mengi ya watoto wetu huku Afrika Mashariki yanatoka kwa mtoto kwenda kwa mtoto, paka hata hayupo. Fangasi wa aina hiyo ya watoto, wale wa kundi la Trichophyton wanaoshambulia kichwa, mara nyingi hawawaki kwenye ile taa. Na mumeo alimmulika mtoto hapakuwaka. Kwa tochi ile na kichwa kilichopakwa mafuta siwezi kukiita ushahidi, ila sio jambo la kulipita kimyakimya. Ulizeni shuleni nani mwingine ana mapunye.

Na hii sio kesi ya kumtafutia paka utetezi. Ina faida kwa mtoto mwenyewe. Griseofulvin aliyopewa inafanya kazi vizuri kwa fangasi wa paka, kwa Trichophyton madaktari wengi hupenda terbinafine. Kwahiyo kujua Kashata ana nini kunamsaidia daktari wa mtoto, na unywele wa mtoto nao ukapimwe hospitali. Kuna maafisa tabibu waliosomea magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC Moshi, ulizia wa karibu nawe. Kwa sasa endelea na vidonge usivikatishe, vinachukua wiki sita mpaka nane au zaidi, na ampe baada ya chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, vinaingia mwilini vizuri. Whitfield ya bibi haiwezi kuponya kichwa peke yake kwa sababu dawa ya kupaka haishuki mpaka kwenye mizizi ya nywele, ndio maana kuna vidonge. Lakini usimnyang'anye bibi kopo lake kwa ugomvi. Mwambie tu kichwa cha mtoto kimepewa dawa ya ndani, na kopo likae juu mbali na paka, maana lina asidi ya benzoiki na salisiliki, zote mbili ni sumu kwa paka na paka hulamba kila kinachompata.

Hapo hapo nimjibu jirani. Oili chafu hapana mwanangu, hapa sizunguki. Itaingia kwa ngozi, itaingia kwa ulimi, itamuua ini na figo kabla fangasi hajashtuka. Kibiriti upele kwakweli jirani hakukiokota jalalani, duniani kuna dawa ya kuogeshea paka ya salfa na chokaa inayotumika mpaka leo na ni nzuri, inanuka yai viza na inamgeuza paka wa njano, ila inatengenezwa kiwandani kwa kipimo, sio unga uliokorogwa kwenye gereji. Dettol nayo usimwogeshee, na mafuta ya mti wa chai yanayosifiwa mitandaoni usiyaguse.

Na ile robo ya kidonge. Nafurahi ulisubiri. Griseofulvin ilitumika kwa paka miaka mingi lakini ina tabia ya kuwashusha chembe za damu, hasa paka wenye virusi vya kushusha kinga, na kwa jike mwenye mimba inaharibu vitoto. Wewe mwenyewe mjamzito usiisage wala kuimega kwa mkono mtupu, vidonge vya mtoto ampe baba yake. Siku hizi paka wanapewa itrakonazoli, miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili mara moja kwa siku, wiki moja anakunywa wiki moja anapumzika, au terbinafine. Sasa Kashata akiwa na kilo 3 anahitaji miligramu 15, kapsuli ya dukani ya binadamu ina 100, unaona mwenyewe kugawa kwa jicho kutakufikisha wapi. Daktari atampima uzito ndio aamue. Pamoja na dawa ya ndani anaogeshwa mara mbili kwa wiki na shampuu yenye mikonazoli na klorheksidini, povu likae dakika kumi. Wenye paka wanajua hapo ndipo panapochanwa mikono ya watu.

Nisikudanganye, ni kazi ya miezi. Madoa yanapona kabla fangasi hajaisha, kwahiyo ukiona manyoya yanarudi ukaacha dawa anarudia. Anaesema kapona ni mswaki ule ule ukioteshwa tena ukatoka mtupu, ikiwezekana mara mbili.

Sasa njia unazo kadhaa na zote zina bei.

Unaweza kumbakiza na kumtibu. Hapo atakaa chumba kimoja kisicho na zulia wala magodoro, stoo au bafu la nje, sio kumfungia kama mwizi, ila muda wa matibabu asizurure vitandani. Swali ni nani atamhudumia. Wewe na mimba na duara mkononi sio wa kumwogesha. Je mumeo akirudi kibandani usiku atavaa glavu? Kama jibu ni hapana basi njia hii kwenye karatasi ni nzuri na nyumbani haitembei, bora ulijue mapema.

Unaweza kumpeleka Pangani kwa ndugu mpaka apone, wewe ukituma dawa. Wengi hii huipenda kwa sababu inatuliza nyumba. Hatari yake ni kwamba unahamisha ugonjwa kwenye nyumba nyingine ambayo pengine ina watoto na paka wengine, kwahiyo anaempokea lazima aambiwe ukweli wote na akubali.

Unaweza kumwacha bila dawa. Paka mzima mwenye manyoya mafupi hupona mwenyewe, mara nyingi ndani ya miezi miwili mpaka minne, lakini muda wote huo anamwaga mbegu za fangasi ndani ya nyumba yenye mtoto na mjamzito, mimi ningeogopa.

Na kuna njia ya mumeo, soko la samaki. Sitamlaumu, baba akiona mwanae kachubuka kichwa hafikirii sawasawa. Ila mwambie hivi: Kashata akiondoka leo, manyoya yake yaliyodondoka yanabaki. Yapo kwenye mkeka, kwenye boksi, kwenye mto wa kiti, na mbegu zilizomo zinaweza kukaa hai miezi mingi, hata kupita mwaka. Nyumba itabidi isafishwe vile vile, mtoto atabidi ameze vidonge vile vile. Na huko sokoni atawapa paka wengine na watoto wengine watawaokota mvuani, kama wa kwenu alivyookota.

Usafi wenyewe sio wa kutisha. Usifagie kwa ufagio mkavu, unayarusha tu. Okota manyoya kwa kitambaa kibichi, osha kwa sabuni ya kawaida mpaka uchafu utoke, ndipo upige jiki iliyochanganywa na maji, kopo moja la jiki kwa makopo kama thelathini ya maji, iache dakika kumi, suuza, paka asirudi mpaka pakauke. Jiki usiichanganye na dawa nyingine yoyote, na kwa hali yako afanye mwingine, wewe kaa upepo ulipo. Mashuka yafuliwe kwa sabuni mara mbili. Boksi choma.

Kuhusu mimba, mama mkweo kasema neno lenye ukweli ndani yake na ningependa umwambie hivyo, kwamba yupo sahihi kuna kimelea. Kinaitwa toksoplasma na kinahusu kinyesi cha paka, hakihusiani na haya madoa ya ngozi. Paka akikipata kwa mara ya kwanza hukitoa kwenye kinyesi kwa wiki chache tu, na kinyesi kinahitaji siku moja au zaidi ndipo kiambukize. Kwahiyo mchanga wa Kashata umwagwe kila siku na mtu mwingine, wewe nyama ule iliyoiva, kachumbari ioshwe vizuri, mikono ioshwe ukishika udongo. Hayo ungeambiwa hata kama hufugi paka.

Kuna kitu kimoja nakirudisha kwako kwa upole. Umeandika kwamba mama mkwe anasema unathamini mnyama kuliko damu ya mwanae. Je alisema hivyo, au ndivyo ulivyosikia? Mama mzee, macho yanamsumbua, kaja kwenye nyumba isiyo yake, mjukuu wa pili yuko tumboni na yeye cha kumsaidia hana zaidi ya kopo la Whitfield. Na je, kuna mtu hapo nyumbani anajua kwamba Kashata alikuwa wa baba yako na ana maana gani kwako? Mimi umeniambia mistari ya mwanzo tu. Mumeo umewahi kumwambia kwa maneno hayo hayo, ya kumzika baba mara ya pili? Inawezekana anajua na bado atashika msimamo wake, ana haki hiyo pia, ni nyumba yenu wote. Ila kwa sasa yeye anabishana na wewe juu ya paka, na wewe unabishana nae juu ya baba yako, hamjakutana.

Hilo duara la mkono lifunike kwa nguo ukimbeba mtoto, na usilipake krimu zile za mchanganyiko zenye betamethasoni, zinatuliza muwasho siku mbili huku fangasi anatanuka chini yake. Klotrimazoli ya kawaida huwa inaruhusiwa kwa wajawazito ila muulize nesi kwanza, siku ya kliniki mkunjulie mkono aone, na mwambie pia nyumbani kuna paka.